Usininukuu Nusu

Hebu niambie, wewe unayenisoma: umewahi kusema jambo zima, lina mwanzo na mwisho wake, halafu akaja mtu akalikata katikati kama mua, akabeba kipande cha juu kwenda nacho sokoni, na kile cha chini chenye utamu akakiacha shambani?

Kama hujawahi, piga magoti ushukuru. Mjukuu wangu Linda alifanyiwa hivyo, tena kwenye simu, mbele ya watu wa Kisii na Nyamira, na nusura apoteze mume kabla hajampata.

Linda ni binti wa mwanangu Alfayo Obwocha. Ana kitalu cha miche ya ndizi hapa kwetu Ikonge, kando ya barabara, amekifunika kwa neti nyeusi, na kila mche umesimama kwenye mfuko wake kama mtoto aliyevalishwa sare. Mche mgonjwa anaujua kwa kuutazama tu. Basi jioni, baada ya kumwagilia, yeye huingia kwenye simu, mahali panapoitwa Jukwaa la Migomba. Huko wakulima huandika shida zao. Mmoja fukusi wamemtoboa mizizi, mwingine majani yamegeuka njano, wa tatu anauliza kama majivu ya jikoni yanafaa. Ukitaka kumjibu mtu, unabonyeza maneno yake, yanakuja ndani ya kisanduku cha kijivu, nawe unaandika yako chini. Huko ndiko kunukuu. Vijana wanasema kukwoti.

Na kunukuu kuna adabu zake, kama vile kuingia nyumba ya watu. Kuna mzee mmoja wa Ekerenyo, Omwenga, ambaye mtu akiandika habari ndefu kama mahubiri ya makambi ya kanisa, na picha zake zote, yeye huibeba nzima nzima, na chini yake anaandika, "Amina." Watu wanateremsha kidole, wanateremsha, wanateremsha, bando linakwisha, kumbe safari yote ilikuwa ya kwenda kwa Amina.

Msimamizi wa jukwaa alikuwa kijana wa upande wa ziwani, Dancun Ombok. Ni fundi wa pampu za maji mjini Kisii, amepanga nyumba Kiogoro, na nyuma ya nyumba amejaza migomba. Ndiye aliyeandika adabu za kunukuu, na akaziandika kwa upole. Alisema uchukue ile sentensi unayoijibu tu, uiache na maana yake, umtaje mwenyewe aliyeisema. Na ukikuta maneno ya mtu yamenukuliwa na mwingine, usiyajibu kabla hujapanda juu ukasoma yalikotoka.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomuumbua.

Lakini kwanza niseme alivyokuwa akimnukuu Linda. Msichana wangu akiandika maneno mengi, Dancun alichukua sentensi moja. Na kila mara ilikuwa ile ile ambayo Linda aliihangaikia, akaiandika, akaifuta, akaiandika tena. "Mche hauulizi shamba ni la nani, unauliza maji." Dancun aliiweka hiyo ndani ya kisanduku, na chini yake akaandika: "Hapa umesema, Linda." Basi, hakuongeza kitu.

Linda alikuwa akisoma hayo huku anakoroga uji.

"Linda, uji!"

"Nauona, Magokoro."

Anauona wapi? Uji umeshika chini, nyumba nzima inanuka moshi, na yeye macho yako kwenye kisanduku, yanang'aa kama ya paka aliyeona maziwa.

"Huyu mtu ananisoma, Magokoro," aliniambia. "Watu wengine wananipita tu. Yeye anasimama."

Aliweza kuniambia kwa sababu mimi ni Magokoro, bibi yake. Kwetu Wagusii bibi na mjukuu hawaoneani haya, tunataniana tupendavyo, hata mimi humwita mke mwenzangu. Ni kati ya mzazi na mtoto ndipo penye ensoni, ile haya ya heshima. Baba hasikilizi mambo ya mapenzi ya binti yake. Na mama na yule anayetaka kumwoa binti ndio kabisa: hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na kijana hakanyagi jiko la mama mkwe.

Dancun alianza kuja kununua miche. Akaja tena. Akaja mpaka nikamwuliza, "Mwanangu, hapo Kiogoro unapanda ndizi au unapanda msitu?" Akacheka, akakwaruza kisogo, akaniomba nimwulize Linda kama mjomba wake yeye, Okoth wa kule ziwani, anaweza kupanda kuja kuzungumza na wazee wetu.

Nikamwuliza Linda. Uso ukamwiva mpaka masikioni. Akasema, "Tutaona."

Mimi nikajua maana yake. Dancun naye akabaki na hilo "tutaona" mkononi, analigeuza kama mtu aliyepewa ufunguo asijue mlango ni upi.

Sasa sikia mkasa. Siku moja Linda alipita Kiogoro akaona mkungu kwenye shamba la Dancun, mkungu mrefu mpaka umefungiwa nguzo. Akaupiga picha, akauweka jukwaani, na akaandika hivi: "Wanaume wa ziwani hawajui migomba. Ndivyo nilivyofundishwa tangu utoto. Leo nimeona mkungu huu, na nimejua nilifundishwa vibaya."

Wewe usiyemjua Linda utaona ni habari za ndizi. Mimi ninayemjua nilisoma nikakaa chini. Msichana huyo hajawahi kumsifu mtu hivyo, hata mwalimu wake wa darasa la kwanza.

Lakini jukwaani alikuwemo pia Nyangau, binamu ya Alfayo, mwenye duka la mbolea huko Ekerenyo. Nyangau si mtu mbaya. Ni mtu asiyeweza kubeba kitu kizima. Kanisani kwetu, kwa Wasabato, mchungaji alisema tusije ibadani na njaa ya kulipiza kisasi. Nyangau akarudi nyumbani akamwambia mkewe mchungaji amekataza watu kwenda ibadani na njaa. Tangu hapo hula sahani mbili Jumamosi asubuhi, na wimbo wa kwanza ukiisha analala.

Nyangau akachukua sentensi ya kwanza ya Linda, ile tu, akaiweka kwenye kisanduku, na chini yake akaandika: "Dada amenena! Warudi kwa nyavu zao!" Akafuatisha na vile vikatuni vinavyocheka mpaka vinatoa machozi.

Dancun alikuwa juu ya tangi la maji la mtu, spana mdomoni, simu ikalia. Akatazama. Akaona jina la Linda na maneno yale. Je, alipanda juu kusoma yalikotoka? Yeye mwenye sheria? Wapi. Aliandika papo hapo: "Basi dada atafute wa milimani, wako wengi."

Jukwaa likachangamka kama kuku walioona mwewe. Omwenga akanukuu ugomvi wote, akaandika, "Amina."

Linda alisoma, akazima simu, akaenda kitaluni kung'oa magugu. Alipomaliza magugu akaanza kung'oa miche. Ilibidi nimshike mkono.

Baadaye Dancun alishuka tangini, akasoma habari nzima, akaona aibu. Akafuta maneno yake, akamwomba radhi jukwaani, akapiga simu. Linda hakushika. Na kule ziwani habari zilishafika kwa mjomba Okoth, kwa maana aibu haingoji lifti. Okoth akamwambia, "Sipandi mlima huo kwa neno la bibi. Niletee neno la msichana mwenyewe, litoke kinywani mwake. Ukirudi mikono mitupu, habari za Ikonge zimekwisha."

Ndiyo maana Jumapili hiyo alasiri Dancun alishuka kwenye bodaboda mlangoni petu, na manyunyu yetu ya kila siku yanamwagika. Alivaa shati jeupe lenye matope mgongoni, tope limepanda kutoka gurudumuni mpaka kolani. Mkononi alishika kifurushi cha magazeti.

"Magokoro, hamjambo?"

"Hatujambo, mwanangu. Umekuja na shati au umekuja na shamba?"

Alijaribu kucheka, akashindwa. Nikamwonea huruma. Macho yake yalikuwa yamepita bega langu, yameenda moja kwa moja hadi kwenye mlango wa jiko, ng'ambo ya ua, ambako Linda na mama yake Bitutu walikuwa wakipika. Ule mlango ulikuwa wazi. Ukafungwa pole pole, ukabaki ufa wa kupitisha jicho moja.

Sebuleni alikaa Alfayo, na Nyangau pia, kwa sababu harufu ya kuku hufika Ekerenyo kabla ya bodaboda. Dancun akatoa kile kifurushi, samaki wa kukaanga.

Nyangau akafungua gazeti. "Ana magamba huyu? Sisi Wasabato hatuli kitu bila magamba."

"Ana magamba, mzee. Na mimi ni Msabato."

"Ziwani kuna Wasabato?"

"Nyangau," alisema Alfayo, "funga gazeti."

Wakakaa. Wakaongea mvua. Wakaongea bei ya majani chai, wakaongea ng'ombe wa Alfayo aliyezaa mapacha. Dancun alijibu vizuri yote, kikombe cha chai kikimpoa mkononi.

Mwisho akaweka kikombe chini. "Mzee, mimi nimekuja kwa ajili ya Linda."

Alfayo akatazama dari. Ile dari ni yake, ameipiga misumari mwenyewe, lakini aliichunguza kama mnunuzi. "Mama," akaniambia, "huyu kijana ana neno. Lichukue."

Basi nikawa ndiye wa kubeba maneno. Bitutu hawezi kutoka jikoni, Dancun hawezi kuingia, Alfayo hawezi kusikia, Linda hataki kuonekana. Nikajitanda khanga kichwani, nikasimama mbele ya Dancun.

"Sema. Nami nitafikisha lote."

"Mwambie nimekuja kuomba msamaha."

Nikavuka ua. Jikoni Linda alikuwa ameinamia mboga za chinsaga, anachambua majani ambayo yalishachambuliwa.

"Anasema amekuja kuomba msamaha."

"Wa nini?" Hakuinua uso. "Mwulize wa nini, Magokoro. Mtu anaweza kuomba msamaha wa tope aliloleta."

Nikavuka. "Anauliza, msamaha wa nini?"

"Wa kujibu nusu. Niliona sentensi moja nikaijibu, sikupanda juu. Na mimi ndiye niliyeandika kwamba watu wapande."

"Hapo umesema," alidakia Nyangau.

"Wewe nyamaza," nilimwambia. "Wewe ndiye panga lenyewe."

"Lakini mama mdogo, si nilikwoti maneno yake? Sikuongeza hata nukta! Alisema hakusema?"

"Alisema. Na mimi nikisema 'Nyangau ni mwizi, nitamkatalia mtu yeyote asemaye hivyo,' halafu watu wakabeba mwanzo, utafurahi?"

Nyangau akafungua tena gazeti la samaki. Alfayo akakohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

Nikarudi jikoni. Na kabla sijafungua mdomo, Bitutu akaniwahi. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango, upawa mkononi, nyusi zimekutana.

"Mama, mwambie na mimi nina langu. Alinikwoti."

"Lini tena?"

"Si wakati ule nilipoandika habari ya uji wa unga wa ndizi mbichi? Akayachukua maneno yangu, na picha yangu juu yake, akaandika, 'Asante mama.' Mbele ya watu wote! Mtu anayetaka binti yangu! Amenishika mkono hadharani!"

Sasa nilikumbuka kwa nini Bitutu alitoka jukwaani siku ile na kuitupa simu kwenye kapu la mboga.

Nikavuka ua na shtaka la pili. Sebuleni likazua baraza.

"Kukwoti si kugusa," alisema Nyangau. "Ni simu. Ni kidole tu umeweka."

"Kidole kiko wapi," aliuliza Alfayo, "kama si mkononi?"

Nyangau akatazama kidole chake.

Dancun uso ulimwiva. "Mzee, kwetu kumtaja mama kwa shukrani ni heshima. Sikujua. Nifanyeje?"

Alfayo akafikiri sana, akikuna kidevu. Mwanangu huyu ni mzee wa kanisa, amezoea kuamua. "Maneno ya uji ni ya watu wote," akasema. "Ya uji yanaweza kunukuliwa. Lakini picha hapana. Siku nyingine nukuu bila picha."

"Asante, mzee."

Nikaipeleka hukumu jikoni. Bitutu akaisikiliza, akarudi kugeuza kuku, lakini niliona mabega yameshuka. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini uji aliupika? Mwulize kama uliganda." Nikamwambia hilo halivuki leo.

Linda alikuwa ameacha mboga. "Alisema nini kuhusu msamaha?"

Nikamwambia lote, neno kwa neno. Akaanza kuchekecha unga wa wimbi. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea, "Mwambie sikukasirishwa na alichoandika. Watu wenye hasira huandika. Nilikasirika kwa sababu aliamini. Mwenye kunisoma kuliko wote, mtu anayejua hata ninapoweka mkato, ataamini vipi kwamba mimi ninaweza kusema hivyo halafu ninyamaze?"

Hili nililibeba kwa mikono miwili kama mayai. Nilipolifikisha, Dancun aliinamisha kichwa mpaka nikaona tope kwenye kola.

"Magokoro," akasema, "mwambie hivi. Nilikuwa na maneno yake mengi. Ya fukusi, ya mbolea, ya kukata majani makavu. Yote ninayo kichwani. Lakini kuhusu mimi sikuwa na neno lake hata moja. Nilikuwa na 'tutaona', tena imeletwa na wewe. Hili la Nyangau ndilo la kwanza kuliona, lina jina lake, linahusu watu wa kwetu. Nikalishika kwa sababu sikuwa na lingine la kushika."

Alfayo alikuwa ameirudia dari, lakini macho yalikuwa yamelowa kidogo. Atasema ni moshi.

Nikavuka tena, goti linanilalamikia. Linda aliposikia hayo alikaa kwenye kigoda ghafla, kama aliyesukumwa. Bitutu akawa anakoroga ugali wa wimbi kwa nguvu, anajifanya hana masikio.

"Alisema hivyo? Kwamba hana neno langu hata moja?"

"Ndivyo alivyosema. Na mke mwenzangu, hakusema uongo."

"Lakini nilisema tutaona!"

"Tutaona hata mimi humwambia mwuza sabuni."

Akafunika uso kwa mikono yenye unga. Alipoifunua alikuwa na alama nyeusi za wimbi mashavuni.

Hapo ndipo Nyangau alipoingiza kichwa mlangoni. "Mama mdogo, unavukavuka ua kama bata, utaanguka. Leteni hilo neno, mimi nitapeleka. Tena chakula kiko karibu?"

Linda, bado amechanganyikiwa, akasema, "Baba mdogo, mwambie aende mezani ale kwanza, asafiri na njaa ya nini, halafu nitakuja nimwambie mwenyewe."

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema, mwanangu, usimpe huyu kitu kirefu. Lakini Nyangau alikuwa amekwisha geuka, akiwaza kuku.

Nikamfuata mbio mbio, yaani mbio za umri wangu. Nilipofika barazani, alikuwa amekwisha simama mlangoni pa sebule.

"Amesema uende," alimwambia Dancun.

Alfayo akashusha macho kutoka darini.

Dancun aliinuka. Akamwinamia Alfayo kwa heshima. "Asante kwa chai, mzee." Akachukua kofia yake ya bodaboda. Nilitaka kupiga kelele, pumzi yangu ilikuwa bado imebaki katikati ya ua.

Akatoka barazani. Akashuka ngazi. Akatembea kwenye tope kuelekea lango. Na kule kwenye ufa wa mlango wa jiko, lile jicho moja likafunguka wazi kwa hofu.

Kisha akasimama.

Akasimama pale katikati, mvua inamshukia kichwani, kofia mkononi. Niliona mabega yakipanda na kushuka. Akageuka, akamtazama Nyangau.

"Mzee, alisema 'uende'. Alisema hilo tu?"

"Hilo ndilo la maana," alijibu Nyangau.

"Sikuuliza la maana. Nimeuliza kama kulikuwa na lingine."

Nyangau akakuna sikio. "Kulikuwa na habari ya meza, na habari ya njaa. Na kitu kingine huko mwishoni. Sasa nikariri yote, mimi ni redio?"

Basi Dancun akaligeukia jiko. Hakulisogelea, adabu alikuwa nayo. Alisimama pale pale, akaita kwa sauti ambayo nadhani hata wachuma chai wa mteremko wa pili waliisikia.

"Linda! Nimeletewa neno moja. Nimesema sitajibu tena nusu. Siondoki mpaka nisikie lote, na nisikie kwako!"

Alfayo akainuka upesi. "Ng'ombe wamefunguka," alisema. Hakuna ng'ombe aliyefunguka. Akapita mlango wa nyuma, akazunguka hadi zizini, na nikasikia anaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa sauti kubwa, ili asisikie ya binti yake. Jikoni Bitutu akageukia ukuta, sufuria ya ugali kifuani, kama mtoto aliyepewa adhabu.

Mlango wa jiko ukafunguka wote.

Linda akatoka. Hakuwa na kitambaa kichwani, mikono imejaa unga mpaka viwiko, mashavu yana wimbi. Wakatazamana. Sijui niseme nini kuhusu mtazamo huo. Niseme tu kwamba Nyangau mwenyewe aliinamisha macho, na yeye huwa hainamishi macho hata kwenye maombi.

"Nilisema uende mezani ule," Linda alianza. "Nilisema usisafiri na njaa. Nilisema nitakuja nikwambie mwenyewe."

"Uniambie nini?"

Linda akanigeukia. "Magokoro, mwambie..."

"Miguu yangu imechoka," nilisema, nikakaa kwenye ngazi ya baraza, nikanyoosha khanga juu ya magoti.

"Magokoro!"

"Nimechoka kabisa, mke mwenzangu. Na yeye yuko hapo tu mbele yako."

Akatazama jiko. Jiko limegeukia ukuta. Akatazama zizi. Zizi linaimba ubeti wa tatu. Dancun hakusogea wala hakumharakisha. Maji yalimtiririka kutoka nyusi hadi kidevuni, na yeye alimsubiri vile vile alivyokuwa akimsoma, bila kuruka kitu.

Linda akajifuta mikono kwenye sketi. Akavuta pumzi.

"Nakupenda, Dancun," alisema. "Nataka unioe. Nataka tukae Kiogoro, na nataka kitalu changu kibaki hapa, nije nikimwagilie mwenyewe, nawe usinikataze. Nataka mjomba wako apande. Nimetaka hivyo siku zote, na sijui hata kwa nini nilisema tutaona."